Kama Thales alikosea, kwa nini sayansi ihesabiwe kuanzia kwake?

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili alinikwamisha mbele ya darasa zima. Nilikuwa nimefungua mada kwa maneno machache ya historia, kwamba sayansi ilianzia kwa Wagiriki wa kale, na kwamba wa kwanza kati yao alikuwa Thales wa Mileto, aliyefundisha kuwa asili ya vitu vyote ni maji. Binti huyo akanyoosha mkono na kusema: "Mwalimu, si kweli kwamba vitu vyote ni maji. Mtu aliyekosea anakuwaje mwanasayansi wa kwanza?" Wenzake wakacheka, nami nikamjibu kwamba swali ni zuri na tutalirudia kipindi kijacho. Walimu wenzangu wanajua maana ya jibu hilo.

Nimesoma kidogo tangu siku ile na nimezidi kuchanganyikiwa. Wababeli waliandika mienendo ya sayari na Wamisri waliandika mambo ya tiba ya majeraha karne nyingi kabla Thales hajazaliwa, na mengi waliyoyaandika yalikuwa sahihi. Iweje aliyepatia aachwe na aliyekosea atajwe? Naomba mwenye ujuzi anisaidie, maana kipindi chenyewe ni Jumatano.

Msomaji wa Kale

Mwalimu, binti huyo amefanya jambo lile lile alilofanya mwanafunzi wa Thales mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo jibu lako lilipo. Lakini niruhusu nianze mbali kidogo.

Mileto ulikuwa mji wa bandari katika pwani ya Ionia, magharibi mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kama mahali ambapo Paulo aliwaita wazee wa Efeso waje kumwona. Jina hilo la Ionia ndilo lililopita kwa mataifa ya mashariki likawa Yunani, hata sisi tunaposema Wayunani tunawaita Wagiriki wote kwa jina la pwani moja. Leo mji ule ni magofu yaliyo kilomita kadhaa kutoka baharini, kwa kuwa matope ya mto Maeander yaliijaza ghuba yake. Huwa najiuliza, na hii ni dhana yangu tu, kama mtu aliyekulia mahali ambapo maji yanazaa nchi kavu hangeona wepesi wa kuamini kwamba kila kitu kilitokana na maji.

Thales hakutuachia hata mstari mmoja wa maandishi. Tunayoyajua kuhusu maji yake yanatoka hasa kwa Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, na Aristotle naye anakisia sababu: kwamba chakula cha viumbe vyote kina unyevu, na mbegu za viumbe vyote zina unyevu. Vilevile husimuliwa kwamba Thales aliiona nchi kuwa inaelea juu ya maji kama chombo, na kwamba tetemeko la ardhi ni kuyumba kwa chombo hicho. Wazo hilo ni potofu kabisa. Hata hivyo, lilinganishe na maelezo yaliyokuwapo kabla yake, kwamba Poseidon, mungu wa bahari, ndiye aitikisaye nchi anapokasirika. Hasira ya Poseidon huwezi kuihoji, kwa sababu inaeleza tetemeko lolote, siku yoyote, mahali popote. Ukiambiwa kwamba nchi inaelea juu ya maji, unaweza kuuliza mara moja: na maji hayo yamekaa juu ya nini? Aristotle aliuliza swali hilo hilo.

Anaximander, mwenyeji wa Mileto pia, ambaye wa kale wanamtaja kuwa mwanafunzi wa Thales, alitoa jibu ambalo mimi binafsi naliona kuwa mojawapo ya mawazo makubwa zaidi yaliyowahi kumjia mwanadamu. Alisema nchi haijakaa juu ya kitu chochote. Iko katikati, umbali wake kutoka pande zote ni sawa, kwa hiyo haina sababu ya kwenda upande huu kuliko ule, basi inabaki ilipo. Aliidhania kuwa na umbo la ngoma, kimo chake theluthi ya upana wake, na hapo alikosea. Lakini aliondoa maji ya mwalimu wake, akaondoa nguzo na misingi yote, akaiacha nchi ikining'inia katika uwazi kwa nguvu ya hoja tupu. Kuhusu asili ya vitu pia hakukubaliana na maji, akasema ni kitu kisicho na mpaka ambacho si maji wala moto wala kingine tunachokijua.

Baada yake akaja Anaximenes wa mji ule ule, naye akawapinga wote wawili. Asili ya vitu, alisema, ni hewa: ikilegea inakuwa moto, ikibanwa inakuwa upepo, kisha wingu, kisha maji, kisha udongo na jiwe. Umbo la nchi alilirudisha nyuma, akasema ni bapa na inachukuliwa na hewa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba walikuwa wanapanda ngazi moja kwa moja kuelekea ukweli. Ila Anaximenes alileta jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo, yaani njia ya kitu kimoja kugeuka kuwa kingine, tena akaliunga mkono kwa jaribio ambalo mtoto anaweza kulifanya: ukipuliza mkono kwa midomo iliyobanwa pumzi inakuwa baridi, ukiifungua midomo wazi inakuwa ya joto.

Kwa hiyo mwambie binti huyo kwamba Thales hatajwi kwa sababu alipatia. Anatajwa kwa sababu, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha, alikuwa wa kwanza kusema jambo kuhusu ulimwengu mzima kwa namna ambayo mwanafunzi wake aliweza kumpinga kwa hoja bila kuhesabiwa kuwa amemkufuru mungu au amemvunjia mwalimu heshima.

Mfukua Vigae

Nimemsoma Msomaji wa Kale kwa furaha, lakini naona tunampa Mgiriki sifa kwa kubishana huku tukimnyima Mbabeli sifa kwa kupima, na sielewi ni nani aliyetuambia kwamba kubishana ndiko sayansi na kupima siko.

Tazameni mambo yenyewe. Upo mfululizo wa maandishi ya kikabari, yaani yale yaliyochorwa kwenye vigae vya udongo, unaoorodhesha kuonekana na kutoweka kwa sayari ya Zuhura kwa miaka 21 ya mfalme Ammisaduqa wa Babeli, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Thales. Baadaye makarani wa Babeli waliandika anga usiku baada ya usiku kwa karne nyingi, wakagundua kwamba kupatwa kwa mwezi na jua hujirudia katika mzunguko wa miaka 18 na siku kama 11. Ptolemy, Mgiriki wa Alexandria aliyeandika kitabu kikubwa cha falaki katika karne ya 2 BK, alipotaka kukokotoa mwendo wa mwezi alilazimika kutumia kupatwa kwa mwezi kulikoandikwa Babeli mwaka 721 KK, kwa kuwa Wagiriki hawakuwa na kumbukumbu za zamani kiasi hicho. Nyuzi 360 za duara na dakika 60 za saa mnayoitazama sasa hivi zinatokana na hesabu ya Babeli, iliyokwenda kwa sitini sitini.

Kwa upande wa Misri, yapo mafunjo, yaani karatasi ya kale ya matete, ya upasuaji yaliyonakiliwa yapata mwaka 1600 KK, yenye visa 48 vya majeraha, kuanzia kichwani kushuka chini. Karibu kila kisa kinafuata utaratibu ule ule: mganga anamchunguza majeruhi, anataja jeraha, kisha anatamka kama ni jeraha atakalolitibu, atakalopambana nalo, au lisilo na tiba. Maneno ya uchawi ni machache mno humo. Kama hiyo si sayansi, basi hospitali zetu nazo hazina sayansi.

Wagiriki wenyewe hawakuficha deni hilo. Herodotus, mwanahistoria wao wa kale, anasema kwamba elimu ya kupima ardhi ilitoka Misri ikaenda Ugiriki, na kwamba kijiti cha kupimia kivuli pamoja na zile sehemu 12 za mchana, ambazo sisi Waswahili bado tunazihesabu kuanzia mapambazuko, walizipata kwa Wababeli. Ni Herodotus huyo huyo anayesimulia kwamba Thales aliwatajia Waionia mapema mwaka ambao jua lingepatwa. Wanafalaki wa sasa wanalilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa tarehe 28 Mei 585 KK. Wataalamu wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa na elimu ya kutosha kujua jua litapatwa likionekana kutoka mahali gani. Lakini hata tukiikubali, Thales angekuwa ameipata wapi kanuni yake kama si Babeli?

Mwana wa Kush

Mfukua Vigae ameongea kwa upole mno. Wagiriki hawakuanzisha chochote. Aristotle aliingia Misri pamoja na mfalme Alexander Mkuu, akavibeba vitabu vya makuhani kutoka katika Maktaba ya Alexandria na kuviandika jina lake, na hilo ndilo wanalotuficha mashuleni.

Mfukua Vigae

Ndugu yangu, mimi niko upande wako katika kuitetea Misri, na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba tuiache hoja hiyo, maana inatuaibisha. Alexander aliuanzisha mji wa Alexandria mwaka 331 KK. Aristotle wakati huo alikuwa Athens akifundisha, akafa mwaka 322 KK katika kisiwa cha Euboea. Maktaba ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy (si yule mwanafalaki niliyemtaja), Aristotle akiwa tayari kaburini. Mtu hawezi kuiba katika nyumba ambayo haijajengwa.

Kama tunataka Afrika itajwe, na itajwe kwa haki, tumtaje Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo sasa ni Libya, aliyekuwa msimamizi wa maktaba hiyo katika karne ya 3 KK. Aliambiwa kwamba huko Syene, yaani Aswan ya leo, jua la adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote halitupi kivuli. Akapima kivuli cha siku hiyo Alexandria, akapata pembe ambayo ni sehemu moja ya 50 ya duara. Na kwa kuwa umbali kati ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha umbali cha Wagiriki), akasema mzingo wa dunia ni stadia 250,000. Mwanafalsafa alikuwa Mgiriki, lakini kivuli na jua, na ardhi iliyopimwa, vyote vilikuwa vya Misri. Hapo hakuna wizi wa kuficha wala sifa ya kunyang'anyana.

Tabibu Mstaafu

Shikamooni wakubwa zangu, na marahaba kwa walio wadogo. Nimefanya kazi ya utabibu zaidi ya miaka 30, mingi katika miji ya pwani, na swali la Mwalimu limenikumbusha ugonjwa mmoja ambao ulinifundisha tofauti kati ya pande hizi mbili mnazozijadili.

Ugonjwa huo ni kifafa. Nimepokea watoto wengi waliochelewa kuletwa hospitali kwa sababu familia ilianza kwa kutafuta ni shetani gani aliyempanda mtoto. Basi katika maandishi yanayohusishwa na jina la Hippocrates, tabibu Mgiriki wa kale, umo waraka mfupi wa karibu karne ya 5 KK kuhusu ugonjwa huo huo, ambao Wagiriki waliuita ugonjwa mtakatifu. Mwandishi anaanza kwa kusema kwamba hauoni kuwa mtakatifu kuliko magonjwa mengine, kwamba una asili yake na sababu yake, na kwamba waliouita mtakatifu walikuwa waganga wa matambiko waliokosa dawa wakauficha ujinga wao nyuma ya miungu.

Sasa angalieni hoja zake. Anasema: kama ugonjwa unatoka kwa mungu, kwa nini unawashika watu wa aina moja ya mwili na kuwaacha wengine? Anasema pia kwamba mbuzi nao huupata, na ukipasua kichwa cha mbuzi mgonjwa utaukuta ubongo una unyevu, umejaa maji, na unanuka. Kwa hiyo kinachouharibu mwili ni ugonjwa, si mungu. Kisha anatoa maelezo yake mwenyewe, kwamba belghamu, yaani makohozi mazito, hushuka kutoka kichwani na kuziba mishipa inayopitisha hewa. Maelezo hayo si sahihi. Lakini nimeyasoma mafunjo ya Misri aliyoyataja Mfukua Vigae, katika tafsiri, nayo ni kazi ya fundi hodari mno. Nisichokiona humo ni mganga anayemgeukia mganga mwenzake na kumwambia umekosea, na sababu ni hizi. Kwa Mgiriki huyu kila ukurasa umejaa ugomvi wa aina hiyo. Mimi kama mgonjwa ningemchagua Mmisri anitibu, ila kama mwanafunzi ningetaka kukaa karibu na Mgiriki.

Jambo la pembeni, lakini linatuhusu. Hilo neno belghamu, ambalo bibi zetu wa pwani wanalitumia kwa makohozi mazito, ni lile lile la Kigiriki, lililotufikia kupitia Kiarabu baada ya watu kama Hunayn ibn Ishaq, katika karne ya 9 huko Baghdad, kuvitafsiri vitabu vya tiba vya Wagiriki. Safura nayo ni nyongo ya njano ya tiba hiyo hiyo, ingawa kwetu imehamia kwenye ugonjwa wa kupungukiwa damu. Na neno falsafa lenyewe limepita njia hiyo.

Mwalimu wa Fizikia

Nawashukuru nyote, na shikamoo Tabibu. Sasa naona pa kusimama, lakini limebaki jambo moja ambalo binti yule atalidaka tu. Katika fizikia tunafundisha kwamba hoja haitoshi, lazima ujaribu. Je, watu hawa walijaribu, au walikaa kivulini wakabishana?

Msomaji wa Kale

Walijaribu mara chache, na mara nyingi walijaribu ili kumshinda mpinzani badala ya kujikosoa, kwa hiyo hapa namwachia Mfukua Vigae nusu ya ushindi. Pumzi ya Anaximenes ni mfano mzuri. Jaribio ni la kweli, lakini hakuliendeleza. Angekuwa na pampu ya baiskeli angegundua kwamba hewa ikibanwa inapata joto, kinyume cha alivyodai. Ubaridi wa pumzi ya midomo iliyobanwa unatokana na hewa ya nje inayovutwa pamoja nayo.

Aristotle anatushangaza kwa pande zote mbili. Alipokuwa akichunguza viumbe alikuwa na subira ya mvuvi. Alifungua mayai ya kuku ya siku mbalimbali akaeleza jinsi moyo wa kifaranga unavyoanza kuonekana kama doa la damu, likidunda, baada ya siku tatu. Alieleza pia kwamba kuna aina ya papa mdogo ambaye watoto wake huungana na tumbo la mama kwa kitovu, kama wanyama wanyonyeshao, habari ambayo wengi hawakuiamini mpaka Johannes Müller, Mjerumani, alipoithibitisha katika karne ya 19. Lakini huyo huyo aliandika kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake, jambo ambalo mawe mawili na ukuta mfupi vingetosha kulikanusha. Ilipita karibu miaka 900 ndipo John Philoponus, hapo hapo Alexandria, akaandika kwamba ukiangusha vitu viwili vyenye uzito unaotofautiana sana, tofauti ya muda ni ndogo mno.

Kwa darasa lako lakini ningemchukua Empedocles wa Sicily, karne ya 5 KK. Katika shairi lake anamtaja msichana anayechezea chombo cha shaba cha kuchotea maji, chenye matundu chini na shingo nyembamba juu. Msichana akiziba shingo kwa mkono kabla ya kukizamisha, maji hayaingii, kwa sababu hewa iliyomo inayazuia. Akikizamisha wazi kikajaa, kisha akaziba na kukinyanyua, maji hayamwagiki. Na Empedocles anasema ni hewa ya nje inayosukuma langoni na kuyazuia. Alikuwa akieleza jinsi tunavyopumua, na kuhusu kupumua alikosea. Kuhusu hewa kuwa kitu chenye nguvu, hakukosea.

Mwalimu wa Fizikia

Narudi baada ya kipindi cha Jumatano. Chombo cha shaba hatukuwa nacho, tukatumia chupa ya plastiki iliyotobolewa chini kwa sindano ya moto, na kila mwanafunzi akapewa mrija wa soda. Binti yule alikubali kwamba Thales anaweza kukosea na bado akatajwa, ila akasema Anaximander ndiye angepaswa kuwa wa kwanza, nami sikumpinga. Kisha akaziba mrija kwa kidole, akautazama muda mrefu, akauliza: kama hewa ya nje ndiyo inayoyazuia maji yasimwagike, mrija unaweza kuwa mrefu kiasi gani kabla hewa haijashindwa? Nilikuwa na jibu, lakini nililizuia.

Mfukua Vigae

Umefanya vyema kulizuia, Mwalimu. Torricelli, mwanasayansi Mwitaliano, alilipata kwa zebaki, safu ya sentimita kama 76 tu, na mwaka 1644 akaandika kwamba tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa. Kwa maji ni mita 10 na kidogo. Mpatie mpira wa kumwagilia bustani ulio wazi kama kioo, ujazeni maji, zibeni ncha ya juu, ya chini iachwe ndani ya ndoo, kisha mwupandishe.

Mwalimu wa Fizikia

Mpira tumeupata. Mnara wa tangi la shule una mita sita, na mkuu wa shule amekubali tuombe ruhusa ya kupanda ghorofa ya nne ya jengo la jirani.